Kioo Bapa na Mchoro Usio na Jicho

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa fizikia,

Mchoro wa kioo bapa tunaouchora ubaoni mwaka hadi mwaka una kasoro moja kubwa: hauna jicho. Tunaweka kitu mbele ya kioo, tunachora miale miwili, tunaiakisi, kisha tunairefusha kwa nyuma kwa mistari ya nukta hadi ikutane, na hapo tunaandika "taswira". Mwanafunzi ananakili. Mtihani ukija anauchora vilevile na kupata alama zote. Muulize miale ile iliyoakisiwa inaishia wapi, na taswira ile anaiona nani, utaona anakodoa macho.

Tuangalie kinachotokea hasa. Chukua nukta moja tu, tuseme ncha ya pua. Ikiangazwa, nukta hiyo hutawanya mwanga kila upande. Mwanga unaofika kwenye kioo hurudi kwa sheria tunayoijua sote: pembe ya mwale unaofika ni sawa na pembe ya mwale unaorudi, zote zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Miale hiyo ilikuwa ikiachana kabla ya kugusa kioo, na baada ya kuakisiwa inaendelea kuachana kwa kiasi kilekile. Hili tunalipita haraka mno darasani. Kioo bapa hakiikusanyi miale wala hakiitawanyi zaidi, kinaigeuzia mwelekeo tu. Ndiyo sababu ukiirefusha kwa nyuma, yote, hata ikiwa mia, hupita kwenye nukta moja iliyo nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao pua iko mbele yake. Uthibitisho wake ni pembetatu mbili zenye upande mmoja wa pamoja na pembe zilizo sawa, kazi ya dakika tano kwa mwanafunzi aliyesoma jiometri.

Lakini nyuma ya kioo hakuna mwanga. Kuna ukuta na msumari, pengine na buibui. Ukiweka karatasi hapo hutapata picha yoyote, ndiyo maana taswira hiyo huitwa isiyo halisi. Ili ionekane lazima awepo mtazamaji: lenzi ya jicho lake inaikusanya miale inayoachana na kuilaza kwenye retina, na ubongo, uliozoea mwanga kwenda kwa mstari mnyoofu, unahukumu kwamba chanzo kiko kule miale inakoonekana kutoka. Wazo hili halikuja kirahisi. Ibn al-Haytham, katika Kitab al-Manazir aliyoiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alipinga dhana kwamba jicho ndilo linalotoa miale ya kuonea. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaeleza jinsi miale ya nukta moja ya kitu inavyokusanywa tena kuwa nukta moja kwenye retina. Mchoro wetu wa ubaoni umeikata kazi ya wote wawili.

Madhara yake yamechunguzwa. Mwaka 1986 Fred Goldberg na Lillian McDermott walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu namna wanafunzi wa fizikia ya awali chuoni wanavyoelewa kioo bapa. Waliwahoji mmoja mmoja, kioo kikiwa mbele yao. Wapo walioamini kwamba taswira huhama mtazamaji anaposogea pembeni. Walipoulizwa kama mtu anayejitazama kwenye kioo kidogo ataona sehemu kubwa zaidi ya mwili wake akirudi nyuma, wengi walisema ndiyo. Kumbukeni, hawa walikuwa watu wanaoweza kuitaja sheria ya mwakisiko bila kukosea.

Swali hilo la mwisho ni zuri, nami napendekeza tulifanye kipimo chetu. Mwanafunzi ana kimo cha sm 160, na macho yake yako sm 150 kutoka sakafuni. Mwanga wa utosini unaofika jichoni hugonga kioo katikati ya utosi na jicho, yaani sm 155. Mwanga wa vidole vya miguu hugonga katikati ya sakafu na jicho, sm 75. Kwa hiyo kioo cha sm 80 kinamtosha, nusu ya kimo chake, mradi kitundikwe ukingo wa chini ukiwa sm 75 kutoka sakafuni. Umbali wake kutoka kwenye kioo haumo kabisa katika hesabu. Arudi nyuma hadi mlangoni, ataona kilekile alichokiona akiwa karibu. Na hesabu hii haifanyiki bila kuchora jicho.

Kuhusu kulia na kushoto nitasema machache, kwa kuwa tunalipa jambo hilo muda kuliko linavyostahili. Simama ukielekea kaskazini mbele ya kioo, uinue mkono wa upande wa mashariki: mkono unaoinuka kiooni nao uko mashariki. Kichwa kiko juu na miguu iko chini. Kilichogeuka ni pua tu, yako ikielekea kaskazini na ya taswira ikielekea kusini. Kioo hubadili mbele kuwa nyuma. Mengine ni sisi tunaojiweka kimawazo mahali pa yule mtu wa kiooni.

Kwa vitendo, anzeni na kipande cha kioo cha dirisha, kwani huonyesha nyuma yake. Kisimamisheni wima juu ya meza katika chumba chenye giza kiasi. Mbele yake wekeni mshumaa unaowaka, na nyuma mwingine wa kimo kilekile usiowashwa. Sogezeni huu wa nyuma mpaka uonekane kama unawaka. Sasa darasa lizunguke. Wa kulia, wa kushoto, aliyechuchumaa, wote wataona mwali juu ya utambi uleule, na rula itaonyesha umbali ulio sawa pande zote mbili. Ile dhana kwamba taswira humfuata mtazamaji huondoka hapohapo.

Baada ya hapo ndipo waingie kwenye pini na kioo cha kujitazamia. Angalizo moja: mipako inayoakisi iko nyuma ya kioo, si mbele. Kwenye kioo cha unene wa mm 4, ncha ya kalamu inayogusa uso wa mbele itaonekana iko zaidi ya mm 5 kutoka kwenye taswira yake. Mwanafunzi akichora mstari wa kioo kwenye uso wa mbele, vipimo vyake vitakataa kulingana, naye ataambiwa amepima vibaya wakati hana kosa. Mstari uchorwe kwenye uso wa nyuma; tofauti itakayobaki, mm 1 na ushei, rula ya darasani haitaisumbua.

Nawaomba wenzangu mnaotunga mitihani ya shule na ya kanda: kuanzia muhula ujao, swali la kioo bapa limtake mwanafunzi aonyeshe jicho, na miale iliyoakisiwa ifike ndani yake. Mwongozo wa usahihishaji nao utenge alama kwa ajili hiyo.