Mawasiliano si Lugha

Fasili isemayo kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano tumeizoea mno, hata hatuihoji. Nyuki arudipo mzingani hucheza, na kwa mchezo huo wenzake hujua maua yako upande gani na umbali gani, kama alivyobainisha Karl von Frisch. Hayo ni mawasiliano, tena sahihi. Lakini nyuki hawezi kukanusha, kuuliza, wala kusimulia maua ya mwaka jana.

Kiziwi atumiaye lugha ya alama huyaweza yote hayo. Umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake hutenga maana kama /p/ na /b/ zitengavyo *pata* na *bata*. William Stokoe alilionyesha hilo mwaka 1960 kwa lugha ya viziwi wa Marekani. Mtoto kiziwi asiyefundishwa lugha hiyo bado huwasiliana: huonyesha kikombe, akapewa maji. Alichonyimwa ni lugha. Wanaoziita alama hizo “ishara za mikono tu” (nao wamo hata vyuoni) hawajaiona tofauti hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mihadhara yetu ya fonolojia ingali ya sauti peke yake.