Kuchagua Hedifoni Zilizofungwa kwa Kusikiliza Muziki Nyumbani



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kifaa kilichoingia katika nyumba nyingi, nacho ni hedifoni. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mnunuzi hutakiwa ayaamini maandishi ya boksi, ilhali anachonunua ni sauti, na sauti haionekani. Pili, bidhaa hii huvaliwa juu ya kiungo ambacho kikiharibika hakina fundi.

Hedifoni za kufunika masikio zipo za namna mbili. Zile za wazi zina matundu upande wa nje wa vikombe vyake. Wapenzi wengi wa muziki huzisifu kwa sauti iliyotanda, lakini aliye kando yako atasikia unachosikiliza, nawe utasikia kila kipitacho. Zilizofungwa zina kikombe kizima kisicho na tundu, hivyo sauti nyingi hubaki ndani na kelele nyingi hubaki nje. Kwa mtu ambaye chumba chake kimetengwa na cha jirani kwa ukuta mwembamba, na pikipiki zapita dirishani hadi usiku, namna hii ya pili ndiyo imfaayo. Wala msizichanganye na hedifoni zenye mtambo wa kuzima kelele. Mtambo huo hutaka betri, nao huongeza bei.

Mkifika dukani, jambo la kwanza ni kuzivaa. Mito ya masikio sharti iguse kichwa pande zote. Penye mwanya, sauti nzito za besi hutoroka, na hedifoni njema ikaonekana mbovu. Kwa hiyo anayevaa miwani, mtandio au nywele zilizosukwa azijaribu akiwa na vitu hivyo. Zivaeni kwa muda wa dakika kumi na tano au zaidi: inayobana kidogo dukani itauma sana nyumbani. Kumbukeni pia joto letu. Mito ya ngozi bandia huziba vizuri, lakini huleta jasho na baada ya muda huchunika. Basi ulizeni kama mito na waya hubadilishwa, na kama vipuri vyake hupatikana.

Jambo la pili ni kusikiliza. Msikubali wimbo wa muuzaji peke yake. Nendeni na wimbo mnaoujua vyema. Mpenzi wa taarabu, kwa mfano, asikilize kama fidla na ganuni zinasikika kila moja mahali pake, au zimemezwa na ngoma. Hedifoni nyingi zilizofungwa huongeza besi, na besi nyingi hupendeza kwa dakika mbili, kisha huchosha.

Jambo la tatu ni namba za boksi. Sikio zima la kijana husikia takriban Hz 20 hadi 20,000. Kwa hiyo boksi linalojivunia 40,000 halijathibitisha ubora wowote. Namba yenye faida zaidi ni ile ya omu, yenye alama Ω. Hedifoni za waya zenye omu 16 hadi 32 kwa kawaida huendeshwa na simu bila taabu. Zenye 250 mara nyingi huhitaji amplifaya. Tazameni pia kama simu yenu ina tundu la waya, kwani simu nyingi za sasa hazina.

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko bei. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, na kwa 86 ni saa 10. Chembe za sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Hapa ndipo hedifoni zilizofungwa zina fadhila yake: kwa kuwa kelele imepungua, hamna haja ya kuishindania kwa kuongeza sauti. Lakini fadhila hiyo hupotea kwa anayeongeza sauti vivyo hivyo. Mlio masikioni baada ya kusikiliza ni onyo. Punguzeni sauti na mpumzike.

Mwisho, dai risiti ya EFD na udhamini ulioandikwa, wenye muda na jina la duka. Bidhaa yenye jina kubwa kwa bei isiyo na mfano, au yenye maandishi yaliyokosewa, itilieni shaka. Ikiharibika ndani ya udhamini, irudisheni pamoja na risiti. Muuzaji akikataa, tuleteeni malalamiko yenu kwa maandishi. Asiye na risiti tutamsikiliza, lakini kumsaidia huwa kugumu.

Tahadhari kabla ya hatari.