Swali Kwanza, Mashine Baadaye: Picha za Kifua, Tumbo na Nyonga katika Mkoa wa Njombe

Mhadhara wa umma



Swali ninaloulizwa zaidi, kanisani, stendi na hata msibani, ni hili: "Daktari, kipimo kipi ni kiboko yao, CT skani au MRI?" Nitalijibu mapema ili mwenye kuwahi basi aondoke nalo. Hakuna kiboko yao. Kila kipimo kina kinachokiona vizuri na kina upofu wake, na kipimo cha bei nafuu kilichoulizwa swali sahihi hukishinda cha bei kubwa kilichoombwa kwa mazoea. Lakini leo nataka kwenda mbali zaidi. Kwa maradhi tuliyonayo mkoani hapa, na kwa barabara kuu inayopita Makambako, mara nyingi jibu la kifua limekaa tumboni, na jibu la tumbo limekaa kifuani. Tukipiga picha pale panapouma peke yake, ugonjwa utatupita tukiuangalia.

Mashine nne, njia nne za kuona

Eksirei ndiyo mkongwe. Wilhelm Röntgen aliigundua miale hiyo Ujerumani mnamo Novemba 1895, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia. Miale hupenya mwili na kuacha kivuli: mfupa huonekana mweupe, hewa nyeusi. Kwa kuwa pafu limejaa hewa, kifua ndicho mahali eksirei inapong'ara. Tumboni, ambako ini, figo na utumbo vina uzito unaokaribiana, vivuli huchanganyikana na eksirei hubaki na kazi chache.

Ultrasaundi haitumii mionzi. Ni sauti tusiyoisikia, inayotumwa mwilini na kurudi kama mwangwi. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za tumbo na uzazi mwaka 1958. Maadui wake ni wawili, hewa na mfupa. Ndiyo maana mgonjwa hupakwa jeli ili hewa isikae kati ya ngozi na kifaa, ndiyo maana huambiwa asile kabla ya kupimwa nyongo, na ndiyo maana mama anayepimwa kizazi kwa juu ya tumbo huambiwa anywe maji na kubana mkojo: kibofu kilichojaa husukuma utumbo pembeni na kuwa dirisha la kuonea.

CT skani ni eksirei iliyopewa akili ya kompyuta. Godfrey Hounsfield alimpima nayo mgonjwa wa kwanza London mnamo Oktoba 1971. Aliyeweka msingi wa hesabu zake, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg na aliianza kazi hiyo Cape Town. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1979. Ninyi watu wa mbao mtanielewa upesi. Eksirei ni kulitazama gogo zima kutoka nje. CT skani ni kulipasua mbao moja moja na kukiona kila kifundo kilipojificha.

MRI hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, na husikiliza hidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Hutofautisha nyama laini kuliko kipimo kingine chochote. Lakini hulaza mgonjwa muda mrefu, mara nyingi nusu saa au zaidi, haivumilii baadhi ya vyuma vilivyomo mwilini, na kwa pafu lenye hewa tele haina mengi ya kusema.

Kifua: ugonjwa unapojificha

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Mkoa wetu ulikuwa na asilimia 12.7, juu kuliko mikoa yote. Takwimu hiyo tumezoea kuisikia katika hotuba za kampeni za afya. Kwangu mimi ni takwimu ya chumba cha picha, kwa sababu inabadilisha namna ninavyoisoma filamu ya kifua.

Kifua kikuu kwa mtu mwenye kinga nzuri huacha alama tunazozijua: madoa sehemu ya juu ya pafu, mara nyingine shimo. Shimo hilo limechimbwa na kinga ya mwili yenyewe ikipigana. Kinga ikishuka sana, vita hupungua na alama hupungua nayo. Mgonjwa anakohoa, anatoka jasho usiku, anakonda, na filamu yake inaweza kuonekana karibu safi. Kusema "picha ni nzuri, nenda nyumbani" ni kumruhusu mgonjwa aende na ugonjwa wake.

Hapo ndipo tumbo linapotoa ushahidi. Madaktari waliofanya kazi katika hospitali za vijijini Afrika Kusini waliandaa utaratibu mfupi wa ultrasaundi kwa wagonjwa wenye VVU wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu nje ya pafu. Unatafuta mambo machache tu: maji katika mfuko wa moyo, maji kati ya ngozi mbili zinazolifunika pafu, maji tumboni, tezi zilizovimba kando ya mishipa mikubwa ya tumbo, na vidoa vidogo vyeusi ndani ya bandama au ini. Daktari wa kawaida aliyefunzwa anaweza kuufanya kitandani kwa mgonjwa kwa dakika chache. Haukamilishi utambuzi peke yake. Makohozi na mkojo bado vinahitajika maabara. Lakini bandama yenye vidoa, kwa mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka, inasema jambo ambalo filamu ya kifua ilinyamazia.

Hata maji yaliyo kifuani penyewe, ultrasaundi huyaona mapema. Kwa filamu ya mgonjwa aliyesimama, huhitajika takriban mililita 200 kabla ya ile kona kali iliyo chini ya pafu kuanza kufutika. Ultrasaundi huona kiasi kidogo zaidi ya hapo, na humwonyesha daktari mahali salama pa kuingiza sindano.

Eksirei haijastaafu, msinielewe vibaya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome filamu za kidijitali katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa mkoa wenye wasomaji wachache wa picha, huo ni msaada wa kweli. CT skani ya kifua nayo tuiweke kwa maswali yake: uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, damu iliyoganda katika mishipa ya pafu, au pafu ambalo filamu yake haieleweki.

Tumbo: usiku wa barabara kuu

Makambako ni njia panda. Malori ya Zambia na Kongo yanapita, mabasi ya Songea yanakata kona, bodaboda zinajipenyeza katikati. Mtu aliyegongwa analetwa akiwa na jasho la baridi na mapigo ya moyo ya haraka. Swali la dakika hiyo ni moja: je, anavuja damu ndani?

Tazameni mkono wa daktari. Anaweka kifaa cha ultrasaundi ubavuni kulia, chini kidogo ya mbavu. Kwenye kioo ini linaonekana la kijivu, figo iko chini yake, na kwa mtu mzima wa afya viungo hivyo viwili vimegusana. Ukitokea utepe mweusi katikati yao, hayo ni majimaji, na kwa majeruhi tunayachukulia kuwa damu mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha anahamia upande wa bandama, kwenye nyonga nyuma ya kibofu, kwenye moyo, na mwisho kwenye pafu. Ikiwa shinikizo la damu limeanguka na utepe upo, mahali pa mgonjwa ni chumba cha upasuaji. Kumpakia kwenye gari la wagonjwa kwa ajili ya CT skani iliyo mji mwingine ni kumpotezea muda asio nao. Lakini majeruhi aliyetulia ni kesi nyingine: kwake CT skani ndiyo bora, kwa kuwa huonyesha kiungo gani kimepasuka na kwa kiasi gani, na ultrasaundi safi haitoshi kumwondolea shaka.

Sasa chukueni mgonjwa mwingine. Kijana ana maumivu ya ghafla ya tumbo, na tumbo limekakamaa kama ubao. Tunashuku kidonda cha tumbo au utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Kipimo cha kuanzia, penye eksirei, ni picha ya kifua akiwa amesimama. Hewa iliyotoroka kwenye utumbo hupanda na kukaa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ukanda mweusi juu ya ini. Tumbo ndilo linalouma, na kifua ndicho kinachotoa jibu.

Mawe ya nyongo ni kazi ya ultrasaundi. Jiwe dogo lililokwama katika mrija wa mkojo huonwa vizuri na CT skani isiyo na dawa ya mshipani. Kidole tumbo kwa mtoto na mjamzito, anza na ultrasaundi.

Nyonga: palipo na wanawake wengi wanaochelewa

Mwanamke aliyekosa hedhi, kipimo cha mkojo kinaonyesha ana mimba, na tumbo linamuuma chini upande mmoja, anahitaji ultrasaundi leo, si Jumatatu. Mimba iliyo nje ya kizazi huua kwa damu inayovuja ndani.

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kuipata mara sita zaidi ya asiye nayo. Kwa miongo mingi hatua ya ugonjwa huo ilipangwa hasa kwa mkono na macho ya daktari. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi liliruhusu picha zitumike rasmi. MRI ndiyo huonyesha vyema kama uvimbe umetoka nje ya mlango wa kizazi kuingia nyama za jirani. CT skani husaidia kutafuta tezi na kusambaa mbali. Baadhi yetu tutasafiri kuzifuata. Ila kuna jambo ambalo ultrasaundi ya kituo cha afya inaweza kulisema kabla ya safari: figo zikiwa zimejaa mkojo kwa sababu uvimbe umebana mirija, ugonjwa umeshafika hatua ya tatu, na figo hizo zinahitaji kuokolewa mapema. Mpimaji aliyeletewa "ultrasaundi ya kizazi" na asipande kutazama figo ameacha nusu ya jibu mezani.

Bei isiyoandikwa kwenye risiti

Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.1 ya mionzi. CT skani ya tumbo na nyonga huwa karibu milisiveti 8, kutegemea mashine na mpangilio wake. Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Kwa hiyo skani moja ni zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya asili. Kwa mwenye saratani au majeraha, faida inazidi hatari kwa mbali. Kwa kijana mwenye gesi tumboni, haizidi. Na dawa ya mshipani inayong'arisha picha inataka figo zichunguzwe kwanza kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na figo dhaifu.

Fomu na msomaji

Katika miaka ya karibuni serikali imesambaza CT skani katika hospitali za rufaa za mikoa, na hospitali ya Ikonda kule Makete imevuta wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Mashine zimesogea. Kilichobaki nyuma ni kikaratasi cha kuombea kipimo. "Maumivu ya tumbo, ultrasaundi tafadhali" si swali. "Miaka 28, hedhi imechelewa wiki mbili, ana mimba, maumivu kulia: je, mimba iko nje ya kizazi?" hilo ni swali, na mpimaji atajua pa kuangalia.

Basi nina maombi matatu. Madaktari, andikeni swali, na andikeni hali ya kinga ya mgonjwa kwa siri inayostahili. Viongozi, mnaponunua mashine tengeni pia fedha za kumsomesha mteknolojia wa mionzi, daktari wa kituo cha afya atakayeshika ultrasaundi, na fundi wa matengenezo. Nanyi wananchi, tunzeni filamu na majibu ya zamani na mje nayo kila mnapopimwa, kwa sababu kivuli kilichokuwepo miaka mitano iliyopita kwa ukubwa uleule hututuliza, na kilichozaliwa mwaka huu hututia mbioni. Mkiambiwa nendeni mkapige picha, ulizeni: "Daktari, tunatafuta nini?" Mna haki ya kujibiwa.