Methali za urafiki wakati wa dhiki

Hotuba kwa familia zilizokimbia vita, familia zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Bukavu



Wazee walisema: «Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.» Bukavu inaijua methali hii kwa matendo. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walifika hapa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watu wa Minova na Kalehe walikimbia vita, na mwezi wa pili vita vikafika Bukavu yenyewe. Aliyekuwa mwenyeji naye akafunga mizigo akawa mgeni kwa wengine.

Lakini urafiki huchoka. Familia mbili katika chumba kimoja, ndoo moja ya maji, gunia moja la makala. Hapo tunasikia methali nyingine: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Wengine wanaitumia kumfukuza mgeni. Tuisikilize vizuri. Haisemi mfukuze, inasema mpe jembe. Jembe hupewa mtu wa nyumbani, atakayelima na kula mavuno pamoja nasi. Mwenyeji, mwonyeshe mgeni kazi. Mgeni, usingoje kuombwa. Kuteka maji, kuuza sambaza kwa zamu katika soko la Kadutu, kulea watoto wa familia zote mbili: hilo ndilo jembe la mjini.

Kuna pia methali inayoweza kuumiza. «Kikulacho ki nguoni mwako» inatuonya kwamba anayetudhuru anaweza kuwa mtu wa karibu nasi. Tukiitumia kumnyooshea jirani kidole kwa sababu ya lugha yake, inakuwa sumu. Mashi, Kihavu, Kilega, Kifuliiru, Kibembe, Kinyarwanda: hakuna lugha iliyo kosa.

Viongozi, tunawaomba mambo matatu. Familia zikigombana, waketisheni pamoja kabla maneno hayajafika barabarani. Orodha ya msaada isomwe mbele ya wote, wageni na wenyeji, ili pasiwe na manung'uniko. Na mtu akitumia methali mkutanoni kuchoma kabila fulani, msinyamaze. Mwulizeni anamshtaki nani, na kwa tendo gani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mgeni peke yake hawezi, mwenyeji peke yake hawezi, na sisi wa mashirika peke yetu hatuwezi.