Saa ya Kuzungumza Kesi: Usimamizi wa Kitaaluma kwa Watumishi wa Afya ya Akili na Uraibu Mkoani Katavi



Mada yangu inahusu kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kupewa tangu tuajiriwe: muda uliotengwa wa kukaa na mwenzetu mwenye uzoefu zaidi, tukazungumza kesi kwa kesi kazi tunayoifanya na wagonjwa wa akili na waraibu. Usimamizi tunaupata. Gari la timu ya afya linafika zahanati, wageni wanasaini kitabu, wanapitia rejesta za MTUHA, yaani za mfumo wa taarifa za huduma za afya, wanahesabu dawa stoo, wanatazama kichomea taka, wanaandika maoni na kuondoka, kwa sababu kuna vituo vingine vinawasubiri. Kazi hiyo ni ya lazima na siibezi hata kidogo. Ila haimfikii muuguzi ambaye wiki nzima amekuwa akikaa na mama anayesema amechoka kuishi.

Mzigo wetu umekua haraka kuliko idadi yetu. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,152,958. Wengi wamefuata mashamba, malisho na dhahabu. Wengine wako hapa miaka mingi pamoja na waliyoyaona: makazi ya Katumba na Mishamo yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, na hata baada ya uraia uliotolewa mwaka 2014 wapo wazee ambao usingizi wao haujatulia. Machimboni kuna gongo na bangi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Yote haya yanaishia mezani kwa mtu mmoja, muuguzi au tabibu au afisa ustawi wa jamii, ambaye hospitali yake ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma.

Chukueni mfano, nilioutunga kutokana na mambo tunayokutana nayo sote. Mchimbaji mnywaji wa gongo wa miaka mingi analetwa na nduguze. Wanasema amerukwa na akili: anatetemeka, jasho linamtoka, anafukuza wadudu wasioonekana ukutani. Fedha zilimwishia, kwa hiyo ana siku mbili hajanywa. Muuguzi anapima malaria, hakuna. Anamchoma sindano ya haloperido. Usiku mgonjwa anapata degedege, anakimbizwa hospitali Mpanda mjini, anapona. Anahudhuria kliniki vizuri kwa mwezi mmoja, kisha anatokea akinuka pombe, na muuguzi anamfukuza. Mkaguzi akija baadaye ataona rejesta imejazwa safi, tarehe zipo, dawa zimelingana na leja.

Kwenye kikao cha kesi mambo yangekwenda hivi:

"Sista, mara ya mwisho alipokuja ulimwambiaje?"

"Nilimwambia asikanyage hapa mpaka aache pombe."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa unajisikiaje?"

Ananyamaza kidogo. "Daktari, baba yangu alikufa kwa gongo."

Hapo ndipo kazi inapoanza, na ina pande mbili ambazo hazitenganishiki. Upande mmoja ni utaalamu: mnywaji wa kila siku akikatiza pombe ghafla anaweza kufa, anahitaji diazepamu na thiamini mapema, na haloperido peke yake inaweza kumsogeza karibu zaidi na degedege. Upande wa pili ni hasira ya mtoto aliyefiwa, ambayo imemwangukia mgonjwa asiyehusika. Mfundishe muuguzi dawa tu, atamfukuza mnywaji mwingine mwezi ujao. Mpe pole tu, mgonjwa anayefuata atapata degedege. Alfred Kadushin, mwalimu wa ustawi wa jamii wa Marekani, aliandika mwaka 1976 kwamba msimamizi ana kazi tatu: kuendesha shughuli, kufundisha, na kumtegemeza mtumishi. Kwa maoni yangu Katavi tunapata ya kwanza, ya pili tunaipata kwa nadra, na ya tatu tumewaachia wake zetu, waume zetu na viongozi wetu wa dini.

Najua mtaniuliza mabingwa watatoka wapi. Si lazima wawe mabingwa. Miaka ya 1950, kwenye kliniki ya Tavistock jijini London, Michael Balint aliwakutanisha madaktari wa kawaida, wasio mabingwa wa akili, kila mmoja akieleza mgonjwa anayemsumbua na wenzake wakimsaidia kumwona upya. Karibu nasi zaidi ni Zimbabwe. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, na kina bibi waliofunzwa kusikiliza watu wenye sonona kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa wagonjwa wao walipata nafuu. Mara nyingi tunawasifia kina bibi wale na kusahau kwamba hawakuachwa peke yao. Walikuwa na vikao vya kuzungumza kesi zao, na mtu wa kumpelekea kesi iliyowazidi.

Nina msimamo mmoja ambao sitaulegeza: anayekuongoza kwenye kesi asiwe yuleyule anayekupima kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mtumishi hawezi kumweleza mtu mwenye alama zake kwamba alimpigia mgonjwa kelele, au amempa namba ya simu yake na sasa anapigiwa usiku wa manane. Kwa waraibu waliopona wanaosaidia wenzao, jambo hili ni zito zaidi. Siku hamu ya kutumia inaporudi, mtu huyo anahitaji pa kusema bila kuogopa kupoteza nafasi yake. Vilevile kwa kesi za kujiua: Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtumishi aliye peke yake, akiwa na familia yenye hofu mlangoni, lazima awe na mtu wa kumuuliza kabla hajaamua lolote.

Siri pia ina ugumu wake hapa, maana Mpanda watu wanafahamiana. Kesi iletwe bila jina, bila kijiji, bila jina la mgodi. Daftari la kikao liandikwe tarehe, waliohudhuria na yaliyokubaliwa kuhusu kazi ya mtumishi, basi.

Napendekeza kila halmashauri iteue watu wawili, mmoja wa afya na mmoja wa ustawi wa jamii, waongoze vikao vya halmashauri jirani badala ya vya kwao. Wakutane na watumishi mara moja kwa mwezi, saa moja, siku inayojulikana. Kwa walio Karema, Mishamo na vituo vingine vya mbali, kikao kifanyike kwa simu, na fedha ya vocha iingizwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.