Haki ya Askari na Dhamana ya Afisi
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, wastaafu wa vikosi na familia zao



Husimuliwa ya kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wakongwe wa Afrika ya Mashariki mishahara waliyokuwa wakiidai tangu Vita Vikuu vya Kwanza, mshika fedha alikuja akafungua meza yake Mwanza. Wazee wapatao 350 walikusanyika. Hao ndio waliopigana chini ya Jenerali Lettow-Vorbeck mpaka aliposalimisha silaha Abercorn mwezi wa Novemba 1918. Waliokuja na hati walizopewa siku zile walikuwa wachache wa kuhesabika. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengine walikuja na maneno yao tu. Mshika fedha akatafuta ufagio. Kila mzee aliyesogea mezani alikabidhiwa ufagio ule kama bunduki, akapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakukosea hata mmoja.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa kicheko, na hakika kinachekesha. Lakini atakayekitazama kwa jicho la mtumishi wa Serikali ataona jambo jengine. Fedha zilikuwepo. Idhini ya Bunge ilikuwepo. Wenye haki walikuwa wamesimama juani, mvi vichwani. Kilichokosekana ni karatasi, na karatasi ile ilipotea katika muda wa miaka 46 ambayo mzee hakuambiwa na mtu kwamba iko siku ataulizwa. Mshika fedha angaliweza kufunga kasha lake na kurudi kwao, na hapana ambaye angalimlaumu kwa mujibu wa kanuni.

Tena ufagio ule ulimfaa askari aliye hai, na mjane hauwezi kumfaa. Mke wa askari aliyefariki kabla ya mwaka ule angepigiwa amri gani ili ijulikane kuwa alipika, alilea na alingoja kwa ajili ya mtu aliyekuwa vitani?

Kabla ya hapo yalikwisha kupita mengine. Mzaliwa mmoja wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliingizwa katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto wa miaka kama 10, pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mishahara yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kuwa muda wa kudai umekwisha kupita. Alibaki huko, akahudumu mikahawani, akacheza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, na mwishowe akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Deni lake halikukanushwa kuwa ni deni. Alijibiwa kwa tarehe tu.

Upande wa Waingereza mambo hayakuwa bora. Wapagazi waliobeba vyakula na risasi katika vita vile vya 1914 hadi 1918, ambao kituo chao kimeiachia mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu mengi kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi. Mtu huweza kuandikwa kwa lakabu, au kwa jina la babu, au kwa kijiji kilichotamkwa na mgeni asiyejua kukitamka. Kisha atafutwe nani? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika utumishi wa Dola ya Uingereza katika vita vile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina katika kumbukumbu, au hawakukumbukwa kabisa.

Ama askari wa Keya waliorudi kutoka Burma baada ya mwaka 1945, wao waliandikwa, na wakalipwa kwa rangi. Askari wa cheo cha chini kabisa aliyekuwa Mzungu alipata bakhshishi ya shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo kile kile alipata shilingi 3 na senti 50. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza kiasi cha pauni milioni 12 kwa muda wa miaka mitano kwa ajili ya wakongwe wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, kiasi cha watu 7,000, ili wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, baada ya zaidi ya miaka 70.

Ndugu wananchi, madeni hayo ni ya dola za kigeni. Lakini mlango wa afisi ni mlango wa afisi popote ulipo, na hapa kwetu yapo mambo ambayo familia za askari hukutana nayo na yanaweza kuepukwa.

La kwanza ni jina. Kijana wa Kizanzibari huitwa Khamis katika cheti chake cha kuzaliwa, akenda kujiandikisha bara akaandikwa Hamisi. Mkewe ni Fatma katika hati ya ndoa, na katika fomu ya jeshi ni Fatuma. Mume akiwa hai hapana anayeona taabu. Siku akiondoka duniani, herufi moja humsimamisha mjane mlangoni. Dawa yake ni kula kiapo mbele ya mwenye mamlaka kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kiapo hicho ni chepesi mno mwenyewe akiwa yupo.

La pili ni mke asiyeandikwa. Askari huhamishwa. Ameoa Pemba, ameoa tena kituo cha Songea au Tabora, na fomu aliyoijaza siku ya kuajiriwa imemtaja mama yake peke yake, kwa kuwa wakati ule hakuwa na mke. Miaka 20 fomu haikuguswa. Talaka nayo haikuandikwa, na mtoto aliyezaliwa kambini hana cheti. Hapo ndipo mirathi inapogeuka ugomvi, na watoto wa baba mmoja wakakutana mara ya kwanza mbele ya kadhi. Kuandikiana deni tumeamrishwa. Basi na mke na mtoto, ambao haki yao ni kubwa kuliko deni la dukani, yafaa waandikwe.

La tatu ni kukosea mlango. Aliyetumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania mafao yake yako chini ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Aliyetumikia KMKM, JKU, Mafunzo, Valantia au Zimamoto yuko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mjane wa kijijini hawezi kulaumiwa kwa kutolijua hilo, maana kwake yeye mumewe alikuwa "askari" basi. Sheha na karani wa wilaya ndio wanaopaswa kulijua, na kumwelekeza kwa maandishi, si kwa kidole.

Kwa upande wa watumishi, liko neno juu ya kusema "hati haipo". Jibu hilo ni sahihi pale tu jalada lilipotafutwa. Askari huacha alama nyingi: namba yake ya jeshi, picha ya kuhitimu mafunzo, barua ya uhamisho, wenzake wa kikosi walio hai, imamu aliyefungisha ndoa. Hizo ni njia za kulifikia jalada, na karani mwenye subira huanza nazo kabla ya kumrudisha mtu kwao. Makaratasi ya zamani ya Serikali nayo yana mahali pake, Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mshika fedha wa Mwanza hakuwa na majalada hayo. Alikuwa na ufagio.

Jambo la mwisho lahusu eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na wengi wao katika muda huo hawatoki nyumbani. Asitakiwe kufika mwenyewe afisini, wala asihesabiwe kuwa amechelewa. Akija kaka yake au mwanawe na barua ya sheha, apokelewe, taarifa ya kifo iandikwe siku ile ile, jalada lifunguliwe, na apewe karatasi yenye tarehe na muhuri akamkabidhi mwenyewe ndani.