Wasomi na Uchunguzi wa Dini: Mazungumzo Mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani



Katibu alinitaka nieleze jinsi wasomi wanavyochunguza dini katika jamii ya leo, akanionya nisizidi dakika ishirini. Mimi si sheikh wala padri. Ni mtumishi wa Serikali niliyesoma elimu ya jamii Chuo Kikuu, na kazi yangu ya kila siku ni kutunga maswali ambayo wananchi huulizwa vijijini. Basi nitasema juu ya kuuliza, maana hapo ndipo uchunguzi wa dini husimama au huanguka.

Mwanazuoni wa Uganda, marehemu Okot p'Bitek, alisimulia kisa kilichotokea kwao Acholi mwaka 1911. Wamisionari wa Kiitaliano waliwauliza wazee: Nani aliwaumba? Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya wageni, kwa hiyo swali likageuka: Nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa, kwani mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi kama chungu. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kuwa wako watu wanaozaliwa wazima, kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukawapa kibyongo, nao husemwa wamefinyangwa na Rubanga. Wakajibu, Rubanga. Wamisionari wakafurahi, na jina hilo likawa jina la Mungu katika mafundisho yao.

Wazee wale hawakusema uongo. Walijibu walichoulizwa. Ndiyo maana Okot aliwashambulia hata wasomi wenzake wa Kiafrika, kwamba wanaivika miungu ya wazee wetu mavazi ya Kigiriki ili ipendeze kwa Wazungu. Alikuwa na ulimi mkali, lakini kwa hili namuunga mkono.

Hapa kwetu mwaka 1968 walimu na wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walikwenda vijijini kuketi na wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na kwa watawala wale dawa yake ilikuwa uchawi tu. Ukishaliita jambo uchawi huna haja ya kuuliza zaidi. Vijana wale waliuliza: mlisikia nini, nani aliyaleta maji, mliyapokeaje? Wakapata habari za imani iliyowaunganisha watu wa makabila ambayo hapo awali hayakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja.

Sasa tuje karibu zaidi. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye alifariki mwaka 2021, alisema Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto. Kikombe kimoja, shilingi 500, na sharti unywe pale pale. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wako wagonjwa waliofia njiani. Na wako walioacha dawa za UKIMWI wakiamini wamepona. Hilo ndilo linalonifanya nisilichukulie suala hili kama mchezo wa wasomi.

Daktari aliuliza: je, dawa inaponya? Ni swali halali, tena la kwanza kwa Serikali. Mwanateolojia aliuliza kama ndoto ile ilitoka kwa Mungu; hilo nawaachia wenyewe. Mchunguzi wa jamii anauliza mengine. Kwa nini Mwislamu na Mkristo walisimama foleni moja kwa mchungaji? Kwa nini bei ndogo kiasi kile iliongeza imani badala ya kuipunguza? Mgonjwa alichoka nini hospitali hata akauza mbuzi apate nauli? Tukiyajua hayo, mwuguzi atajua namna ya kuzungumza na mgonjwa kabla hajatupa vidonge vyake. Walioishia kuwacheka wasafiri wale hawakumrudisha hata mmoja kwenye dawa.

Mtaniuliza kama takwimu hazitoshi. Sensa yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967, na wenzetu wa Kenya huuliza. Mabishano hayo ni marefu, na wapo walioyapeleka hadi kugomea sensa ya 2012. Mimi nasema tu kwamba hata sensa ikiuliza, itatwambia mtu anajiita nani. Haitatwambia alikwenda wapi usiku mtoto alipougua.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi. Wazee wa 1968 walikuwa wamebaki wachache. Miongoni mwetu humu, au katika familia zetu, wako waliokwenda Samunge, na kumbukumbu bado ni mbichi. Naomba waandike: walisikia wapi habari zile, walisafiri na nani, walilala wapi, waliporudi walifanya nini na dawa za hospitali. Wasiandike majina ya wagonjwa. Karatasi hizo wampe Katibu, nami nitazifuata kwake kabla ya mkutano ujao.

Niko tayari kwa maswali.